Kanga Nayo Ilikuwa Mpya



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nimjibu ndugu yetu aliyeandika mwezi uliopita juu ya nguo za vijana. Simjibu kwa chuki, maana namheshimu, na mengi aliyoyasema juu ya malezi ni kweli tupu. Lakini alipofika kwenye habari ya wanafunzi wa ushonaji na ubunifu wa mavazi, akasema kwamba hao ndio walimu wa uhuni, na kwamba afadhali mzazi Mkristo amtoe mtoto wake chuoni kuliko kumlipia ada ajifunze kushona nguo za wavuta bangi. Hapo aliandika maneno yanayoweza kumwumiza mtu asiye na kosa, nami namjua mmoja ambaye yamekwisha kumwumiza.

Ni binti wa mojawapo ya nyumba chache za Wakristo tulio hapa Chwaka. Yuko katika mwaka wa mwisho wa masomo yake mjini, ajifunza ubunifu wa mavazi. Mwalimu wake aliwaagiza wanafunzi wote waende kwao wakawatazame vijana wenzao, wanavaaje na kwa nini wanavaa hivyo, kisha kila mmoja ashone nguo zenye kuonyesha aliyojifunza. Binti huyu akarudi Chwaka. Akakaa siku nyingi dikoni, pale vijana wanaposhusha samaki, na jioni akakaa karibu na maskani yao pamoja na kaka yake. Akaandika katika daftari nani amesokota nywele, nani amechana suruali magotini, nani amechora jina la chombo chake mgongoni mwa fulana. Na kila mmoja akamwuliza sababu.

Kisha akashona, nami nguo zile nimeziona kwa macho yangu. Ya kwanza ni koti lililoungwa kwa vipande vya suruali za mtumba na vipande vya tanga kuukuu, mishono yake ikifuata mishono ya tanga, imara kama ya baharini. Ya pili ni gauni refu lenye mkanda mpana uliosukwa kwa kamba ya makumbi, ile kamba ambayo mama zetu wa Chwaka huisokota baada ya kuyafukia makumbi pwani miezi mingi, wakayafukua, wakayaponda. Ya tatu ni kanga, lakini maneno yake hayakutoka dukani. Aliwauliza vijana, kama mngepewa kanga mwandike neno lenu, mngeandika nini? Mmoja wao, ambaye shule ilimshinda mapema, akajibu: Bahari haiulizi cheti. Naye akayaandika hayo hayo, bila kuongeza wala kupunguza.

Gazeti liliposomwa barazani, baba yake alisikia yote, akasema kwamba ada ya muhula uliobaki hataitoa. Hii ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu. Nimeyapanga maneno ya ndugu yetu katika mafungu manne, nami nitayajibu moja moja.

Fungu la kwanza ni kwamba nguo hizi ni mpya na ni za kigeni, na kwamba mababu zetu walivaa kanga na kanzu kwa heshima zao. Hebu tuulize, ni mababu gani hao, na ni lini? Katika siku za utumwa hapa Unguja mtumwa alijulikana kwa nguo yake kabla hajafungua kinywa. Mwanamume alijifunga kipande cha merikani kiunoni, na kwa desturi hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mwanamke alijifunga merikani, au kaniki, yaani merikani iliyotiwa nili ikawa nyeusi, na kichwa chake kikawa wazi, kwa kuwa kujifunika ilikuwa haki ya waungwana. Merikani yenyewe, kama jina lake linavyosema, ililetwa kwa merikebu kutoka Marekani. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa mahali pale pale. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ila tarehe 6 Aprili 1897.

Basi watu hawa walipopata uhuru, wengi hawakuwa na shamba, wala nyumba ya mawe, wala hati ya kitu chochote. Walikuwa na mwili wao na vijisenti vya kibarua. Wakaenda dukani wakanunua nguo. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakaitupa kaniki wakajifunga kanga, na baadaye wakajitanda ukaya, hata buibui. Wale waliozoea kuwaona vichwa wazi hawakupenda, wakawacheka kwamba wanajifanya waungwana. Lakini wao hawakuwa wakiiga kwa upuuzi. Walikuwa wakisema kwa nguo jambo ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulisikia kutoka kinywani mwao, nalo ni hili: mimi nami ni mtu.

Na hiyo kanga, ambayo leo tunaiita nguo ya asili, ilianzaje? Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa mwambao walikuwa wakinunua leso za rangi, ambazo jina lake limetokana na Kireno, wakiziunga sita sita, tatu juu na tatu chini, zikawa nguo moja pana. Hakuna Sultani aliyewaamuru kufanya hivyo, wala hakuna mzee aliyewapa ruhusa. Walibuni wenyewe. Wafanya biashara walipoona hivyo wakaagiza kutoka ng'ambo nguo nzima zenye pindo na mji, nazo zikaitwa kanga, na wengi wasema ni kwa ajili ya madoa mfano wa ndege yule. Hamu ya miundo mipya ikawa kubwa, hata muundo uliopitwa na wakati ukamlalia mwenye duka rafuni. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi hizi tunazosoma sasa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, likapata sifa pwani yote kwa kanga zenye chapa ya Mali ya Abdulla.

Sasa tazameni. Nguo iliyobuniwa na wanawake wasio na cheo, kwa kitambaa cha kigeni, kwa ajili ya kupendeza na kusema yaliyo moyoni, ndiyo leo ndugu yetu anaitumia kuwa fimbo ya kumpigia binti aliyebuni nguo kwa tanga la Chwaka na kamba ya Chwaka! Kama upya ni dhambi, kanga nayo ilikuwa mpya. Kama kusema kwa nguo ni uhuni, basi kila mke aliyenyamaza mbele ya wifi yake, kisha akajifunga kanga yenye neno lake akapita mlangoni pake, ni mhuni. Nani kati yetu hajapata kumwona mama yake akifanya hivyo?

Tena habari ya suruali. Wamisionari wa UMCA hawakupenda vijana wao waige mavazi ya Wazungu; walipenda wavae kanzu. Vijana waliitaka suruali vivyo hivyo, wakasemwa kwamba wana kiburi. Naamini ndugu yetu alipokuwa akiandika barua yake alikuwa amevaa suruali. Hakuna aliyemwita mhuni, kwa sababu vijana wa zamani walisemwa kwa ajili yake, yeye akarithi nguo bila ya masimango.

Fungu la pili ni kwamba nguo hizi asili yake ni watu wa ovyo, wakaa maskani wasio na kazi. Nami nasema, kwanza tuwajue hao tunaowataja. Vijana wa dikoni hapa Chwaka huondoka na maji, usiku ukiwa bado, na jua likipanda wao wamekwisha kufanya kazi ya siku nzima. Suruali zao nyingi hazikuchanwa kwa wembe ili zipendeze, zimechanika kwa chombo na kwa chumvi. Akija mtu akaliona pindo lile lililochanika, akalishona kwa uzuri, akasema, hii ni alama ya kazi, je, amewatukuza wavivu? Wapo wavivu, wapo na wavuta bangi, sikatai. Lakini mtu hamjui mvivu kwa nywele. Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese alifundishwa neno hili waziwazi, nasi tumelisoma tangu utotoni katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 16.

Na mambo mengi tunayojivunia yametoka kwa watu waliodharauliwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, mtoto wa watu maskini. Alipokuja mjini akaanza kuimba, wenye husuda walimtungia maneno ya kumcheka juu ya kaniki yake na juu ya asili yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikanaswa katika santuri, zikasikika pwani nzima. Leo mji mzima wamtaja kwa fahari, na waliomcheka hakuna anayewakumbuka kwa majina. Kadhalika ngoma ya Beni. Ilitokea pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakivaa mfano wa maaskari na mabaharia wa Kizungu, wakipeana vyeo, wakishindana kwa unadhifu. Wamisionari wengi waliichukia, na watu wakabishana juu yake magazetini. Leo Beni ikipigwa harusini hapa Unguja, wazee ndio wa kwanza kusimama.

Wala si kwetu tu. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nitamtaja mwalimu. Huko London alikuwako mwanamke, Vivienne Westwood, aliyekuwa akifundisha watoto wa shule ya msingi. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Malcolm McLaren walifungua duka katika barabara ya King's Road, na miaka ile wakawashonea vijana walioitwa mapanki nguo zilizochanwa, zilizoshikizwa kwa pini na minyororo, zenye maneno makali. Watu wa heshima walimtukana. Lakini mwaka 1992 Malkia alimpa nishani, na mwaka 2004 nguo zake zikawekwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, watu wakaingia kuzitazama. Alifariki mwaka 2022. Sisemi binti zetu wamfuate katika yote, maana baadhi ya maneno yaliyoandikwa katika nguo zake Mkristo hawezi kuyavaa. Nasema tu kwamba taifa lenye makanisa mengi na desturi ngumu liliona kazi ya fundi katika nguo ya vijana wa mitaani, likaiweka mahali pa heshima. Sisi tunaona uchafu tu katika nguo ambayo hata haina neno moja baya.

Fungu la tatu, ndugu yetu ataka wenye mamlaka wapige marufuku. Yeye ni kijana kuliko mambo haya, nami pia, lakini yameandikwa na wazee wayajua. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU huko Dar es Salaam ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana, nayo ikaanza kutekelezwa Januari 1969. Hapa Zanzibar pia, katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, vijana walikamatwa kwa ajili ya suruali zao na nywele zao. Wasichana walisumbuliwa barabarani na wavulana ambao wenyewe hawakuwa na adabu, wakijificha nyuma ya neno adabu. Je, sketi fupi zilikwisha? Suruali pana zilikwisha? Zilikwisha zenyewe, zamani zake zilipopita, nazo zimerudi mara ya pili na ya tatu.

Huko Zaire, Rais Mobutu naye alikataza suti na tai katika miaka ya 1970, akawataka wanaume wavae koti lililoitwa abakosti. Vijana walioitwa masapeur, wapenda unadhifu wa Kinshasa na Brazzaville, wakazidi kuipenda suti kwa sababu ya makatazo. Mwanamuziki Papa Wemba akawa kiongozi wao katika unadhifu. Alifariki jukwaani huko Abidjan mwezi wa Aprili 2016, na walimlilia kama mfalme. Amri ya abakosti ililegezwa mwaka 1990, na leo ni habari ya vitabuni. Mkasi wa serikali haujapata kushona nguo hata moja, kazi yake ni kukata tu. Anayeweza kubadili nguo za vijana ni fundi aliyekaa nao akawasikiliza, akawashonea kitu kilicho bora kuliko walichonacho. Na fundi wa namna hiyo ndiye tunayetaka kumtoa chuoni.

Fungu la nne ni la Maandiko, nalo ndilo zito, maana sisi ni watu wa Kitabu. Ndugu yetu ametaja Isaya mlango wa 3 na Timotheo wa Kwanza mlango wa 2. Vema, tuvisome, lakini tuvisome mpaka mwisho. Isaya awakemea nani? Awakemea binti wa Sayuni waliojaa vikuku, na pete, na vioo, na mavazi ya karamu, wakati waume zao wakiwaonea maskini. Mtume Paulo akataza nini? Akataza dhahabu, na lulu, na nguo za thamani kubwa. Hayo yote ni majivuno ya tajiri. Suruali iliyochanika ya mvuvi haimo katika orodha ile, wala kamba ya makumbi haimo. Tukitaka kuyafuata maneno haya kwa haki, tuanze na harusi zetu wenyewe, ambapo mtu hukopa fedha ili kamati nzima ivae sare ya siku moja, na mwaka mzima baadaye watoto wake wakafukuzwa shule kwa ada. Hapo Isaya angekuwa na mengi ya kusema. Na Yakobo, katika mlango wa 2, atuonya waziwazi juu ya kumketisha mahali pazuri mwenye mavazi mazuri na kumsimamisha mwenye mavazi mabovu. Je, kijana wa dikoni akija kanisani Jumapili na fulana yake yenye jina la chombo, tutamketisha wapi?

Tena tuyasome na mengine. Katika Kutoka mlango wa 35 twaambiwa kwamba Bezaleli na Oholiabu walijazwa hekima na Mungu mwenyewe ili wafanye kazi ya kutarizi na kufuma na kubuni kazi za ustadi. Ni maneno ya kushangaza, maana ujuzi wa sindano umehesabiwa kuwa karama ya Roho. Na katika Matendo mlango wa 9, Dorkasi alipokufa huko Yafa, wajane hawakumwonyesha Petro mahubiri aliyohubiri. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Nguo zile ndizo zilizokuwa ushuhuda wake. Mama zetu wa Mbweni waliyafahamu haya. UMCA walinunua shamba pale mwaka 1871, wakawakalisha watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na wasichana wakafundishwa kusoma na kushona, ili wapate kuishi kwa mikono yao wasirudi tena mikononi mwa mtu. Kwa Mkristo wa kisiwa hiki kudharau sindano ya binti maskini ni kuwadharau wale waliolileta kanisa lake.

Sasa niseme na la riziki, ambalo ndugu yetu hakulitaja, ingawa baba yake binti analifikiri usiku na mchana. Twajua sote tunavaa nini. Tunavaa mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuizuia mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019, ili viwanda vyetu vipate kupumua. Marekani ikatishia kuwaondoa katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa zao kuingia huko bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda peke yake ikashikilia neno lake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango ule. Basi mitumba tunayo, na kanga nyingi tunazojifunga zachapwa India na China. Katika hali hii, mtoto ajifunzaye kuikata suruali kuukuu ya Mzungu na kuifanya koti jipya lenye alama ya Chwaka anafanya kwa mkasi mmoja lile ambalo mawaziri walikusudia wakashindwa. Na soko lipo. Tangu mwaka 2008 Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week huko Dar es Salaam, wabunifu wa nchi zetu wamepata mahali pa kuonyesha kazi zao. Wageni nao hushuka Unguja kila mwaka wakitafuta kitu kilichotengenezwa hapa, na mara nyingi wanauziwa vilivyotengenezwa kwingine.

Sipendi mtu aseme kwamba mwalimu wa Chwaka amewafungulia vijana mlango wa kila kitu. Yapo mambo ambayo nayakataa. Suruali ya mlegezo inayoonyesha nguo ya ndani si kujieleza, ni kukosa mkanda. Kuvaa fulana yenye maneno ya Kizungu usiyoweza kuyasoma ni kuwa ubao wa tangazo la mtu mwingine. Nimepata kumwona mtoto mwema kabisa amevaa tusi kifuani, asijue. Tena sisi Wakristo hapa ni wachache katikati ya majirani Waislamu, waliotupokea vizuri, ambao macho yao na swala zao zastahili heshima yetu. Nguo itakayomfanya jirani aangalie chini kwa aibu si nguo ya upendo, hata kama imeshonwa kwa ustadi. Binti yetu alilifahamu hili; gauni lake lafika chini na mikono yake ni mirefu.

Na yeye mwenyewe nina neno naye, kwa kuwa kumtetea mtu si kumdekeza. Maneno yale ya kanga si yake, ni ya kijana wa dikoni. Kamba ile si yake, ni ya mama aliyeifukua katika tope la pwani akainama mpaka mgongo ukamwuma. Siku nguo zile zitakapouzwa, nao wapate fungu lao, na majina yao yatajwe kwa idhini yao. Kama hafanyi hivyo, atakuwa amewavua watu nguo ili ajivike yeye, na hapo nitakuwa wa kwanza kuandika kinyume chake katika gazeti hili hili. Tena mishono ya ndani ya lile koti ailaze vizuri, maana nguo yenye wazo kubwa na mshono mbovu haidumu hata mvua moja ya masika.

Haya ndiyo ninayowaomba wasomaji. Mzazi aliyeanza kumlipia mtoto masomo ya kushona, asimtoe kwa sababu ya neno la barazani, maana masomo yaliyoachwa muhula mmoja kabla ya mwisho ni hasara ya fedha zote zilizotangulia. Sisi walimu tuidai sindano irudi shuleni, kwa wasichana na kwa wavulana, kama ilivyokuwa Mbweni. Makanisa yetu yanaposhonesha sare za kwaya, yasikimbilie duka la mjini linalouza nguo za kutoka ng'ambo. Yawatafute mafundi vijana wa mahali pao, yawape kazi na kuwalipa kwa wakati. Na wazee wanaochukizwa na nguo za vijana wawaulize kwanza swali lile ambalo binti huyu aliwauliza: kwa nini mnavaa hivi? Huenda jibu likawa la upuuzi. Huenda pia likawa jibu la mtu anayetaka kuhesabiwa kuwa mtu, na hilo sisi, wajukuu wa Mkunazini, hatuna ruhusa ya kulipuuza.

Ndugu yetu akitaka kunijibu, na anijibu, gazeti ni letu sote. Ila kabla hajashika kalamu naomba afungue sanduku la mama yake, atoe kanga iliyo kuukuu kuliko zote, asome maneno yaliyoandikwa juu ya pindo lake, kisha atuambie ni mzee gani aliyeyapa ruhusa.

Ni mimi mwenzenu,
Mwalimu, Chwaka, Unguja.